Hesabu saa za wanaokusubiri

Swali: Ninasimamia ujenzi wa jengo la ghorofa tano. Naingia saiti saa kumi na mbili asubuhi, natoka saa moja jioni, na nikifika nyumbani nafungua kompyuta niandike ripoti na barua hadi saa tano usiku. Simu haikomi kuita. Nimejaribu programu mbili za kupangia kazi, nimenunua na shajara, lakini orodha yangu ya jioni huwa ndefu kuliko ya asubuhi. Ratiba imechelewa wiki tatu na mwenye mradi bado sijamwambia. Nitapataje muda wa kutosha? Na je, nianze kuwafanyisha mafundi kazi hata siku ya mapumziko ili nifidie?

Jibu: Ndugu yangu, barua yako imejaa saa zako: ya kuingia, ya kutoka, ya kulala. Nimeisoma mara mbili nikitafuta saa za watu wanaokusubiri, sikuziona. Nina wasiwasi kwamba humo ndimo ilimopotelea sehemu kubwa ya wiki zako tatu.

Tuseme mafundi nondo kumi na wawili wako juu ya slabu, yaani sakafu ya zege, ya ghorofa ya pili. Mchoro unaonyesha nondo za milimita 12 kwenye boriti moja, jedwali la nondo linasema milimita 16. Foromani wao anakupigia; uko kikaoni, hupokei. Unamrudia baada ya dakika arobaini na kumjibu kwa sekunde ishirini: "Iacheni hiyo, anzeni boriti za upande wa pili, namuuliza mhandisi wa miundo sasa hivi." Kwako hilo ni jambo dogo, jioni hata hutalikumbuka. Kwa saiti, watu kumi na wawili mara dakika arobaini ni dakika 480, yaani saa nane. Ni siku nzima ya fundi mmoja, imelipwa na haikuzaa kitu. Yakitokea matatu ya namna hiyo kwa siku, shajara yako haitayaona, maana yenyewe inaandika ulichofanya wewe. Tena ukurasa wa siku hiyo utasomeka kana kwamba ulichapa kazi kwelikweli.

Msimamizi wa mradi ni mlango. Michoro, vifaa, pesa, ruhusa na maamuzi vyote hupitia kwake. Mlango ukiwa mwembamba foleni hurefuka nje, na aliyesimama mlangoni ndiye hujiona ana kazi nyingi kuliko wote. Ndiyo maana zile programu hazikukusaidia. Zilikupangia namna ya kusimama mlangoni, na shida ni upana wa mlango wenyewe.

Kabla hujabadili chochote, nunua daftari dogo la kuingia mfukoni. Kwa siku tatu mfululizo, kila anayekukatiza, awe kwa simu, kwa ujumbe au kwa kukushika bega, mwandike: nani, alitaka nini, watu wangapi walikuwa wamesimama kwa ajili hiyo, na je, swali hili lingeweza kujulikana wiki iliyopita? Usijitetee wala usipange kitu, andika tu. Mimi nilifanya zoezi hili nikiwa na miaka michache katika kazi, kwa hasira, nikitaka kumwonyesha bosi wangu jinsi ninavyosumbuliwa. Siku ya tatu nilikaa nikasoma kurasa zangu na sikumpelekea. Karibu kila mstari ulikuwa ukinishtaki mimi.

Maswali yako yataangukia mafungu matatu, kama yangu yalivyoangukia.

La kwanza ni maswali ya kuomba ruhusa kwa mambo madogo. Mtunza stoo anauliza kama atoe mifuko kumi ya saruji kwa mafundi wa lipu. Foromani anauliza kama awahamishe vibarua wanne kutoka nyuma ya jengo waje mbele. Mtu wa ununuzi anauliza kama anunue misumari kwa muuzaji wa karibu kwa sababu iliyoagizwa haijafika. Hawaulizi kwa kuwa hawajui jibu. Wanauliza kwa kuwa siku moja, hukumbuki lini, uliwahi kumkaripia mtu aliyeamua bila wewe. Dawa yake ni karatasi moja yenye sahihi yako, imebandikwa ofisini, inayosema nani anaamua nini na hadi kiwango gani. Foromani anaruhusiwa kuhamisha watu ndani ya kazi zilizomo kwenye mpango wa wiki, na jioni anakuarifu. Mtunza stoo anatoa vifaa kwa kazi zilizomo kwenye mpango bila kukuuliza, na kwa kazi isiyomo hatoi. Ununuzi wa dharura una kikomo cha fedha, chini yake hakuna simu. Mambo ya usalama hayana kikomo: mtu yeyote, hata kibarua wa siku ya kwanza, anaweza kusimamisha kazi akiona hatari, na hatakaripiwa hata kama alikosea. Na yako mambo ambayo karatasi lazima iseme hayaguswi na mtu wa saiti, wewe ukiwemo: ukubwa wa nondo, mchanganyiko wa zege, kukata boriti kupitisha bomba. Hayo ni ya mhandisi wa miundo.

Watakosea mara mbili tatu. Foromani atawahamisha vibarua mahali ambapo wewe usingewahamisha. Vumilia. Ukimpigia kelele kosa la kwanza, karatasi yako imekufa hapo hapo na simu zitarudi zote.

Fungu la pili ndilo nene kuliko yote, na ndilo nitakalokaa nalo zaidi. Ni maswali ambayo leo yanaonekana dharura lakini yalikuwepo kwa wiki nyingi yakisubiri mtu ayaone. Zile milimita 12 na 16 zilikuwa zinagombana kwenye karatasi tangu siku michoro ilipotolewa. Mtu angekaa na mchoro huo wiki nne kabla, lingekuwa swali la barua, lijibiwe kwa utulivu. Halikusomwa, likageuka simu ya watu kumi na wawili waliosimama juani.

Kwa hiyo kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, kaa na maforomani wako na wakandarasi wadogo kwa saa moja na nusu mtazame wiki sita zijazo. Usiwasomee ratiba. Chukua kazi moja moja inayokuja na uulize juu yake: Michoro ya mwisho ipo, na haipingani? Vifaa viko saiti, au viko njiani, au havijaagizwa? Watu wapo? Jukwaa, winchi, mtambo vitakuwa huru siku hiyo? Kazi inayoitangulia itakuwa imekwisha kweli, au itakuwa "karibu imekwisha"? Nani anatakiwa kuikagua, na ameshaambiwa? Na swali ambalo watu hulisahau: eneo lenyewe litakuwa wazi, au litakuwa limejaa matofali ya mtu mwingine? Kila penye jibu la hapana, andika jina la mtu mmoja na tarehe ya kuondoa kizuizi hicho. Jina moja, siyo "ofisi" wala "sisi". Majina mengi yatakuwa lako, na hiyo ndiyo itakuwa orodha yako ya kazi ya wiki. Orodha nyingine zote unaweza kuzitupa.

Kazi yenye jibu la hapana haiingii kwenye mpango wa wiki ijayo, hata kama ratiba kubwa inasema ilipaswa kuanza jana. Hapa ndipo wasimamizi wengi hushindwa, kwa sababu inauma. Unaona kazi imechelewa, unasema waanze tu, vifaa vitawakuta huko huko. Wanaanza, wanakwama katikati, wanahamishwa, wanarudi, wanabomoa kidogo, wanaendelea. Umelipa kazi moja mara mbili na eneo limechafuka.

Mtindo huu una historia yake. Wahandisi Glenn Ballard na Greg Howell wa Marekani waliukuza miaka ya 1990 wakauita Last Planner, kwa maana kwamba mpangaji wa mwisho ni yule anayewapa watu kazi asubuhi, kwa hiyo yeye ndiye anayepaswa kuahidi. Walipopima miradi waliyoichunguza, walikuta kwamba kati ya kazi zilizopangwa kwa wiki, ni takriban nusu tu zilizokamilika kama ilivyoahidiwa. Nayo haikuwa miradi ya watu wazembe. Pima na wewe: mwisho wa wiki hesabu kazi zilizoahidiwa na zilizokamilika. Zikiahidiwa 20 zikakamilika 13, una asilimia 65. Kisha muulizane kwa nini zile saba hazikukamilika. Onyo moja: usiitumie asilimia hiyo kama fimbo. Foromani akishapigwa nayo mara moja, wiki inayofuata ataahidi kazi tano rahisi, atapata mia kwa mia, na wewe hutakuwa na habari yoyote ya kweli.

Wiki sita zinatosha kwa mengi, lakini yako mambo yanayohitaji kutazamwa kutoka mbali zaidi: lifti, madirisha ya alumini, jenereta, mapampu, milango ya kuzuia moto, chochote kinachotengenezwa kwa kipimo au kinachosafiri. Hivyo vihesabu kinyumenyume. Tuseme madirisha yanatakiwa kuanza kufungwa wiki ya 30. Usafiri wiki mbili. Kutengeneza wiki sita. Kupima matundu wiki moja. Kuidhinisha sampuli na michoro ya fundi wiki mbili. Kukusanya na kulinganisha bei wiki tatu. Jumla 14, kwa hiyo mtu wa ununuzi lazima aanze wiki ya 16. Wiki ya 16 jengo lako huenda liko kwenye nguzo za ghorofa ya pili na hakuna anayewaza madirisha. Ndiyo sababu yanachelewa kila mahali. Halafu utaona tatizo jingine: kupima matundu wiki ya 21 hakuwezekani kama kuta hazijajengwa. Basi ama unakubaliana na mbunifu ukubwa wa matundu na kuwabana mafundi waashi wajenge kwa kipimo hicho hicho, ama unasogeza madirisha. Uamuzi huo ni wa wiki ya 16, na ukifanywa wiki ya 29 hauitwi uamuzi tena.

Fungu la tatu ni dharura za kweli. Bomba la maji limepasuliwa na mtambo, mtu ameumia, ukuta wa shimo unaporomoka. Hizo ni chache kuliko unavyodhani, na zikitokea unaacha kila kitu na kwenda. Sina la kuongeza hapo.

Sasa tuje kwenye ratiba yenyewe. Ikiwa ratiba yako ina mistari mia mbili na yote umeipa macho sawa, umechoka bure. Kamba hukatikia pabovu. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Morgan Walker wa kampuni ya DuPont na James Kelley wa Remington Rand walitafuta namna ya kupanga kazi za viwandani kwa hesabu, na kutoka hapo ikaja mbinu ya njia muhimu: ule mnyororo wa kazi ambao ukichelewa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja. Kazi nyingine zina nafasi ya kusogea. Lipu ya ghorofa ya chini inaweza kuchelewa wiki mbili na hakuna atakayeumia. Kuta za shimo la lifti zikichelewa siku mbili, umeanza kuhesabu. Lakini angalia, nafasi ya kusogea huliwa. Kazi iliyokuwa na wiki mbili za kusogea, ukaidharau wiki tatu, imeshaingia kwenye njia muhimu bila kubisha hodi. Kwa hiyo njia hiyo ihesabiwe upya kila mwezi, na kwa mradi uliokwisha kuchelewa kama wako, kila wiki mbili. Nimeingia ofisi nyingi za saiti nikakuta ratiba nzuri ya rangi ukutani, tarehe yake ni ya siku mkataba uliposainiwa. Hiyo ni pambo.

Kila asubuhi, kabla ya jambo lolote, jiulize ni kazi zipi zilizo kwenye njia muhimu leo na kesho, na kama kuna mtu yeyote kati ya wanaozifanya anayekusubiri. Hao wajibiwe kwanza. Mwenye sauti kubwa kwenye simu anaweza kuwa fundi wa lipu.

Zipo pia saa ambazo hazibanwi na mtu. Zege haliogopi cheo. Viwango vingi huipima nguvu yake siku ya 28, na siku ya 7 huwa limefika takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo, ikitegemea saruji na hali ya hewa. Mbao za ubavuni mwa boriti au nguzo zinaweza kutoka baada ya siku moja au mbili, lakini mirunda inayobeba slabu inasubiri hadi mhandisi aridhike na nguvu iliyofikiwa. Zege la kuchanganyiwa kiwandani nalo, kwa desturi ya muda mrefu, hutakiwa limwagwe ndani ya dakika 90 tangu maji yakutane na saruji. Ukijua hayo utaona ukaguzi wa nondo unapaswa kufanyika lini. Wengi humwita mkaguzi asubuhi ya kumwaga. Akikuta vishikizi vya nondo vimepungua, magari ya zege yako njiani, pampu imekodiwa, watu thelathini wamevaa mabuti. Mwite mchana wa siku iliyotangulia, ili kosa lipate jioni ya kurekebishwa. Huko ndiko kutunza muda kunakolipa kuliko mbinu yoyote ya kupanga barua pepe.

Nije kwenye siku yako. Sitakupangia kila dakika, saiti hazifanani. Lakini nina mambo machache ninayoyashikilia.

Saa ya kwanza ya kazi usiwe mezani. Zunguka, uone kama kila kikosi kimeanza na kina kila kitu. Kikosi kilichokosa vifaa saa moja asubuhi unaweza kukiokoa. Ukikigundua saa nne, asubuhi yake imeshapotea. Kisha dakika kumi na tano za kikao cha kusimama na maforomani: leo nani yuko wapi, nani anamzuia nani. Watu wakisimama hawasimulii hadithi ndefu.

Baada ya hapo jitengee saa mbili zisizoguswa, kwa mfano saa nne hadi saa sita, vikosi vikiwa vimetulia. Hizo ni za kazi ya kichwa: kusoma michoro ya wiki sita zijazo, kuandika barua, kupitia madai ya malipo na mkadiriaji majenzi. Simu yako awe nayo msaidizi wako, naye ana ile karatasi ya nani anaamua nini. Atakufikia kwa mambo mawili tu: usalama, na kikosi cha njia muhimu kilichosimama. Wiki ya kwanza utahisi kama umetoroka kazini. Wiki ya tatu utashangaa mambo mangapi yalijimaliza bila wewe.

Na zile saa za usiku, kutoka saa mbili hadi saa tano? Hizo zinatokana na kuandika habari za mchana ukiwa umeshausahau. Ripoti ya siku iandikwe ukitembea: picha zenye tarehe, sauti ya dakika moja uliyojirekodi, idadi ya watu kwa kila kikosi kutoka kwa maforomani kabla hawajaondoka, hali ya hewa, vifaa vilivyoingia, nani alisimama na kwa sababu gani. Ikifika saa kumi na moja una kila kitu, unaikusanya kwa dakika ishirini. Usiiache hata siku moja. Siku mtakapogombana kuhusu nani alimchelewesha nani, ripoti hizo fupi zitakuwa na uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, na zitakuokolea majuma ya kutafuta ushahidi.

Vikao navyo, sema tu hivi: kikao ambacho hakikuacha jina na tarehe, usirudi.

Kuhusu siku ya mapumziko. Naelewa kishawishi. Kwa wiki mbili au tatu, kwa kazi moja maalumu iliyo kwenye njia muhimu, kwa kikosi kilichokubali na kulipwa ipasavyo na kupumzishwa baadaye, kufanya kazi ya ziada kunaweza kusaidia. Kama desturi, hapana. Mwaka 1980 shirika la wakuu wa makampuni ya Marekani, Business Roundtable, lilitoa ripoti kuhusu saa za ziada kwenye ujenzi. Ilieleza kwamba ratiba ya saa 60 au zaidi kwa wiki ikiendelea kupita takriban miezi miwili, tija hushuka kiasi kwamba kikosi kile kile kingemaliza mapema zaidi kwa ratiba ya saa 40 kwa wiki. Mwili huchoka, makosa huongezeka, watu hutegea mchana wakijua jioni ipo, wengine hawaji kabisa. Na kwenye jukwaa la ghorofa ya nne uchovu unaua. Zaidi ya hayo, ikiwa mafundi wako leo wanapoteza saa mbili kwa siku wakisubiri michoro na vifaa, siku ya saba utawanunulia saa mbili nyingine za kusubiri, tena kwa bei ya juu.

Waliojenga Empire State Building pale New York walikamilisha jengo la ghorofa 102 kwa siku 410, likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931. Fremu ya chuma ilipanda kwa wastani wa ghorofa nne na nusu kwa wiki. Watu hupenda kusimulia ujasiri wa wale mafundi wa chuma waliokaa juu ya boriti, na kweli walikuwa majasiri. Mimi huvutiwa zaidi na reli ndogo zilizotandikwa kwenye kila ghorofa ili vigari vipeleke vifaa hadi kwa fundi, na mikahawa iliyowekwa juu humo humo jengoni ili watu wasipoteze muda kushuka kula. Mtu alikaa akahesabu mwendo wa fundi kwenda na kurudi. Kwenye jengo lako la ghorofa tano, hesabu na wewe: matofali yako yanashushwa mara ngapi kabla ya kufika ukutani?

Limebaki lile la mwenye mradi. Mwambie wiki hii. Najua umekuwa ukingoja ufidie kwanza ili usimwambie kabisa, na nimewahi kulifanya hilo. Wiki tatu zikawa saba, na nilipofungua kinywa hasira yake ilikuwa juu ya ukimya wangu kuliko juu ya jengo. Alikuwa na wapangaji aliowaahidi tarehe. Angeambiwa mapema angezungumza nao.

Lakini kabla hujaenda, zigawe hizo wiki tatu. Ngapi zimetokana na nyinyi wenyewe? Ngapi zimetokana na michoro iliyochelewa, mabadiliko aliyoyataka yeye, au malipo yaliyokawia? Fungua mkataba wako uone muda wa kutoa taarifa. Kwenye mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, toleo la 1999 na la 2017, mkandarasi anayedai kuongezewa muda anatakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lililosababisha. Akipitisha, haki yenyewe inaweza kupotea hata kama kosa halikuwa lake. Siku hizo zinahesabika wakati wewe unapokea simu za misumari. Tukio lolote ambalo halijapitwa na muda, taarifa yake iandikwe kesho katika zile saa mbili zako, hata kama hesabu kamili ya siku itafuata baadaye. Kama wewe uko upande wa mwenye mradi au mshauri, kazi yako ni kinyume chake: jibu maombi ya mkandarasi kabla hayajageuka madai.

Kisha andika ukurasa mmoja. Tarehe mpya ya kumaliza kwa mwendo wa sasa, bila kuipamba. Mambo mawili au matatu yanayoweza kurudisha siku, kila moja na gharama yake: labda kuanza kuta za ghorofa ya kwanza mara mirunda inapotoka chini badala ya kungoja paa, labda kuongeza seti ya pili ya mbao na mirunda ili slabu inayofuata isisubiri ile iliyotangulia. Na mwisho, orodha ya maamuzi unayoyahitaji kutoka kwake, kila moja na tarehe: rangi ya vigae, aina ya lifti, nani ana sahihi ya kuidhinisha akisafiri. Maana naye ni mlango, na kuna watu wako wanaomsubiri yeye. Nenda na ukurasa huo mkononi, mpe asome ukiwa umekaa mbele yake, na usiondoke kabla tarehe za orodha ya mwisho hazijajazwa.